Meno, Sukari Guru na Hadubini: Mapokeo Matatu Mbele ya Mtoto Anayeharisha

Virusi vya rota havichagui nyumba. Kabla chanjo yake haijaenea, karibu kila mtoto duniani alikuwa amekwisha kuambukizwa walau mara moja kabla ya kutimiza miaka mitano, awe amezaliwa Helsinki, Dhaka au Haydom kule Manyara. Maji ya bomba na vyoo vya kuvuta, vilivyokifukuza kipindupindu katika miji ya Ulaya, havikufua dafu mbele ya virusi hivi. Chembe zisizofika mia moja zinatosha kumlaza mtoto, ilhali gramu moja ya kinyesi cha mgonjwa hubeba mabilioni. Chembe hizo hukaa mikononi, kwenye vikombe na kwenye vitu vya kuchezea, zikimngoja mwingine. Kwa hiyo umaskini huonekana zaidi kwenye vifo kuliko kwenye maambukizi. Marekani, kabla ya chanjo, virusi vya rota viliwalaza hospitalini makumi ya maelfu ya watoto kila mwaka, lakini waliokufa walikuwa kati ya 20 na 60. Mwaka 2000, makadirio ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokufa kwa virusi hivyohivyo duniani kote yalikuwa 528,000, wengi wao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini.

Baina ya maambukizi na kifo upo muda mfupi, mara nyingi siku moja au mbili, ambapo mtoto hutapika na kuharisha huku maji na chumvi vikimtoka mwilini. Muda huo kwa kawaida daktari hayupo. Wapo mama, bibi, shangazi na jirani, na kila jamii imejiwekea mapokeo ya namna ya kuutumia. Hapa nalinganisha mapokeo matatu: ya nyumbani kwetu Afrika Mashariki pamoja na nduguye wa Ulaya ya zamani, ya Bengal yaliyozaliwa katikati ya kipindupindu na vita, na ya maabara. Mizani yangu ni moja. Usahihi wa kila mapokeo juu ya chanzo cha ugonjwa nauweka pembeni kwanza. Ninachouliza ni hiki: katika saa za mwanzo mapokeo haya yanamwamuru mtu mzima afanye nini? Ampe mtoto maji, au amnyime?

Tuanze nyumbani. Katika mitaa mingi ya Tanzania, ukiuliza kwa nini mtoto wa miezi minane anaharisha, jibu la kwanza utakalopewa ni meno. Wataalamu wa afya hulicheka jibu hili, lakini lina uchunguzi mzuri ndani yake. Meno ya kwanza huchomoza karibu na mwezi wa sita. Wakati huohuo kingamwili ambazo mtoto alizipata kwa mama yake akiwa tumboni zinakuwa zimefifia, mtoto ameanza kulishwa uji, anatambaa, na kila anachokiokota anakipeleka mdomoni. Virusi vya rota navyo huwapiga watoto kwa nguvu zaidi kati ya miezi sita na miaka miwili. Bibi anayesema kwamba meno na tumbo la kuendesha huandamana ameona sawasawa. Alichokosa ni chombo cha kumwonyesha kile kilichokuwa kikipita katikati ya hayo mawili.

Ubaya unaanzia pale maelezo yanapozaa kisu. Tangu miaka ya 1980 Tanzania imejua kinachoitwa meno ya plastiki, wengine wakisema meno ya nailoni. Mtoto akiharisha na kupata homa, anapelekwa kwa mganga anayepasua ufizi na kuchimbua vijimeno vya chonge ambavyo bado havijachomoza. Vikitoka, ni vyeupe na laini, na mzazi anaonyeshwa kama ushahidi kwamba ugonjwa umeng'olewa. Uganda desturi hiyo inajulikana kwa jina la ebiino. Mtoto aliyekwisha kupoteza maji sasa anapoteza na damu, anaweza kuingiwa na vijidudu kwenye kidonda, na kinywa kinachomuuma kinakataa titi na kikombe. Kwa mizani yetu, tiba hii inashindwa mara mbili: inakula saa za mwanzo, na inaziba mlango ambao maji yangepitia.

Lakini asisimame Mzungu hapa akatucheka. Katika karne ya 16 Ambroise Paré, mpasuaji maarufu wa wafalme wa Ufaransa, alipendekeza kupasua fizi za watoto ambao meno yao yanachelewa kutoka, na madaktari wa Ulaya waliendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 300. Takwimu za serikali ya Uingereza za karne ya 19 ziliandika kuota meno kama chanzo cha vifo vya maelfu ya watoto. Daktari wa London na mganga wa kijijini waliona kalenda ileile ya utoto, wakafikia hitimisho lilelile, wakachukua chombo chenye makali. Kosa hili ni la mtu yeyote anayeona mambo mawili yakifuatana bila uwezo wa kuona la tatu.

Ulaya na Marekani ziliongeza kosa lake mahususi, nalo lilivaa koti jeupe. Kwa miongo mingi madaktari waliamuru tumbo la mtoto anayeharisha lipumzishwe: asile kwa siku moja au zaidi, na pengine asinyonye. Mwaka 1948 ulichapishwa Marekani utafiti uliolinganisha watoto waliolishwa mapema na waliofungishwa, na kulisha hakukuonekana kuwadhuru. Hata hivyo desturi ya kufungisha iliendelea hospitalini kwa muda mrefu. Iliwafikia hata mama zetu kupitia zahanati za kikoloni na za misheni, ikakutana na wazo la nyumbani lililofanana nayo: kwamba mtoto akinywa ataharisha zaidi. Wazo hilo nalo limejengwa juu ya jambo linaloonekana. Mpe mtoto kikombe cha maji, na mara nyingi baada ya muda mfupi ataendesha. Mama anahesabu nepi, naye hajadanganyika katika hesabu yake. Tatizo ni kwamba nepi hazionyeshi kiasi kilichobaki mwilini.

Mapokeo ya nyumbani yana upande mwingine ambao ni mgumu zaidi kuuhukumu. Sehemu nyingi za Tanzania huaminiwa kwamba mtoto anaweza kubemendwa: wazazi wakirudiana mapema mno kabla mtoto hajapata nguvu, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto hudhoofika na kuharisha. Mara Mabilia, mwanaanthropolojia Mwitaliano aliyefanya utafiti kwa Wagogo wa Dodoma, ameeleza jinsi kuharisha kwa mtoto kunavyosomwa huko kama habari juu ya mwenendo wa mama. Kuna hekima katika mwiko huu. Uliwalinda watoto wasiachishwe ziwa kwa ajili ya mimba mpya, na mtoto anayenyonya yu salama zaidi mbele ya karibu kila ugonjwa wa tumbo. Kuna na gharama. Mama ambaye ugonjwa wa mwanawe unamtangaza kuwa mkosaji ana sababu ya kuuficha, na kila saa ya kuficha ni saa ya kukauka. Mwiko uleule uliomkinga mtoto akiwa mzima unaweza kumchelewesha kufika zahanati akiwa mgonjwa.

Na jikoni? Huko nyumbani kwetu tunafanya vizuri kuliko tunavyojua. Uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo, maji ya wali, titi lisilokatazwa, vyote vinarudisha maji mwilini. Dafu la pwani lina potasiamu kwa wingi, ingawa chumvi yake ni ndogo mno kwa mtoto anayeharisha sana. Mapokeo ya Afrika Mashariki yalikuwa na vipande vya jibu. Kilichokosekana ni kipimo, na sababu ya kukiamini.

Kipimo hicho kilipatikana upande wa pili wa Bahari ya Hindi, ingawa fununu yake ilianzia Prague. Huko mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba ukuta wa utumbo huingiza sukari na chumvi kwa pamoja, kimoja kikimvuta mwenzake, na maji hufuata. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash, Wamarekani wawili waliokuwa Dhaka, pamoja na wenzao wa huko, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa mchanganyiko huo. Kisha ikaja vita ya 1971 ya ukombozi wa Bangladesh. Wakimbizi walimiminika India, kipindupindu kikawafuata, na katika kambi ya Bongaon chupa za dripu zikaanza kuisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru chumvi na sukari vipimwe na kutiwa katika vifuko, vikorogwe ndani ya mapipa, na ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo kambini vilivyokuwa vimefika karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4 kwa wale waliotibiwa hivyo.

Kipindupindu ni kazi ya bakteria. Je, dawa hiyo ingefaa kwa virusi, ambavyo hushambulia kwa njia nyingine? Virusi vya rota huvamia seli za ncha za vijinyuzi vilivyotanda kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kama manyoya ya zulia, vikaziua, na sehemu ya kunyonyea maji na chakula ikapungua. Palikuwa na sababu ya kuogopa kwamba ukuta ulioharibika hivyo hautaweza tena kuvuta chumvi na sukari. Mwaka 1978 utafiti uliofanywa Bangladesh kwa watoto wenye virusi vya rota ulionyesha kwamba unaweza: zinabaki seli nzima za kutosha. Hapo ndipo nguvu ya mapokeo ya Bengal inapoonekana. Hayamuulizi mtoto ameambukizwa nini. Yanauliza amepoteza nini, na yanamrudishia.

Kujua dawa na kuifikisha ni mambo mawili. Mwaka 1980 shirika la BRAC la Bangladesh, chini ya Fazle Hasan Abed, lilianza kuwatuma wasichana nyumba kwa nyumba vijijini. Hawakubeba pakiti. Walimfundisha mama kuchukua chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari guru ya kujaa kiganja, na maji ya nusu lita hivi, akoroge mwenyewe mbele yao. Baadaye alikuja msimamizi kuwauliza baadhi ya akina mama wamekumbuka nini, na mshahara wa msichana ulitegemea majibu hayo. Kwa miaka kumi walizifikia zaidi ya nyumba milioni 12.

Mwanzoni mpango ulisuasua: akina mama walikumbuka somo vizuri, lakini wachache mno walitumia dawa. Shirika likaenda kuuliza. Lilikuta kwamba mama wa Bengal alitofautisha aina nne za kuharisha: ya mtoto anayenyonya, ya chakula kisichosagika, ya kamasi na damu, na ile ya maji inayoua kwa haraka. Somo la wasichana, kwa jina walilolitumia, lilisikika kama linahusu aina hiyo ya mwisho tu. Likakuta pia kwamba waume hawakuwa wameambiwa lolote, na baadhi ya wasichana wenyewe hawakuiamini dawa waliyoifundisha. Mafunzo yakabadilishwa, aina zote nne zikatajwa, wanaume wakafuatwa sokoni na misikitini. Mapokeo ya sayansi yaliacha kushindana na uainishaji wa akina mama, yakapanda juu yake. Katika ulinganisho wote huu, hilo ndilo tendo ninaloliheshimu zaidi.

Mapokeo ya tatu, ya maabara, ndiyo yaliyokiona kile ambacho bibi na Paré hawakuweza kukiona. Mwaka 1973 huko Melbourne, Ruth Bishop na wenzake walichukua vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliokuwa wakiharisha, wakaviweka chini ya hadubini ya elektroni, wakakuta virusi vya umbo la gurudumu. Mwaka mmoja nyuma Albert Kapikian alikuwa ameviona vile tunavyoviita leo virusi vya noro, katika sampuli za mlipuko wa 1968 uliotokea kwenye shule moja ya mji wa Norwalk, Ohio. Muda si mrefu vikafuata virusi vya astro, vya sapo na aina za adeno zinazopenda utumbo. Hadi hapo, kuharisha kwingi kwa watoto kulikuwa hakuna chanzo kinachojulikana, ndiyo maana nafasi ya meno ilikuwa wazi.

Kutoka kwenye kuona, maabara ilifika kwenye kukinga. Hapa inapaswa nayo kuwekwa kwenye mizani, maana ina upofu wake. Chanjo ya kwanza, RotaShield, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuondolewa 1999, kwa sababu mtoto mmoja hivi katika kila 10,000 alipata hatari ya sehemu ya utumbo kujiingiza ndani ya nyingine. Kwa nchi ambayo virusi vya rota viliua watoto wachache, uamuzi ulieleweka. Kwa nchi zilizokuwa zikizika maelfu, hesabu ingekuwa nyingine kabisa, lakini nani angekubali kutumia chanjo iliyokataliwa na tajiri? Chanjo mbili mpya, Rotarix na RotaTeq, zilianza kuenea 2006, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likapendekeza watoto wa nchi zote wachanjwe. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2013, Kenya 2014.

Chanjo hizo, zilizokinga watoto wa Ulaya kwa zaidi ya asilimia 90 dhidi ya ugonjwa mkali, zilipofika Afrika zilipungua makali. Jaribio lililochapishwa 2010 lilionyesha kinga ya karibu asilimia 77 Afrika Kusini na asilimia 49 tu Malawi. Sababu zinazotajwa ni nyingi: kingamwili za mama zinazoizuia chanjo, lishe duni, utumbo uliokwisha kuchoshwa na vijidudu vingine, na aina za damu zinazotofautiana. Anayesoma asilimia peke yake atadhani Malawi ilipunjwa. Ugonjwa mkali ulikuwa mwingi Malawi kiasi kwamba chanjo hiyo dhaifu ilizuia kesi kali karibu 7 kwa kila watoto 100 waliochanjwa, huku Afrika Kusini ikizuia kama 4. Kinga nusu mahali penye vifo vingi inaokoa zaidi kuliko kinga kubwa mahali penye vifo vichache.

Maabara pia imejifunza kuchota kutoka kwa watoto wa Kusini. Katika miaka ya 1980, hospitalini New Delhi, M. K. Bhan na wenzake waliona watoto wachanga walioambukizwa virusi vya rota bila kuugua, na waliokuja kukingwa baadaye. Kutokana na virusi hivyo India ilitengeneza chanjo yake, Rotavac, iliyoingia katika mpango wa taifa mwaka 2016. Melbourne nayo ilikuwa na virusi vya namna hiyo vya watoto wachanga, na chanjo iliyotokana navyo ilijaribiwa Indonesia. Walioonekana tu kama wagonjwa wa kuhesabiwa wakawa chanzo cha kinga.

Hata hivyo orodha ya virusi haiishi. Utafiti wa nchi nane uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa hadi miaka miwili, ukiwamo mji wa Haydom, ulivikuta virusi vya sapo, rota, adeno, noro na astro miongoni mwa visababishi vikubwa vya kuharisha. Marekani, baada ya chanjo kuvibana virusi vya rota, vya noro vilishika nafasi ya mbele. Dhidi ya virusi hivi vilivyobaki, mtoto wa Haydom hana chanjo, wala antibiotiki haimfai. Flagyl inayonunuliwa duka la dawa jioni ileile ya kwanza haiui kirusi hata kimoja. Mzazi anainunua kwa sababu maji ya chumvi na sukari hayakatizi kuharisha, naye alifundishwa kunywesha bila kuambiwa hilo. Ahadi isiyotamkwa ilivunjika, na imani ikaondoka nayo.

Mapokeo haya matatu basi hayajapangwa kama ngazi, ujinga chini na sayansi juu. Maabara inajua chanzo, lakini inaweza kusahau ni hatari ya nani inayopimwa. Ilichukua muda hata hospitali za Marekani kuamini kikombe mbele ya dripu, ingawa daktari Norbert Hirschhorn alikwisha kuonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba watoto wa Waapache wa Arizona wanapona kwa kunywa. Nyumbani kuna watu, mamlaka na chakula, lakini kuna pia wembe na aibu. Bengal iliviunganisha: sayansi ya Prague, chumvi ya jikoni, na masikio ya kumsikiliza mama.

Afrika Mashariki tuliichukua dawa ya Bengal tukaacha njia yake. Pakiti za ORS, yaani chumvi na sukari zilizopimwa tayari, na vidonge vya zinki vipo zahanati, na maelekezo ni mazuri: pakiti ikorogwe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, isipokuwepo, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwa lita moja ya maji safi, mtoto akitapika asubiriwe dakika kumi kisha aendelee, kijiko baada ya kijiko, anyonye na kula, na macho yakiingia ndani, utosi ukibonyea, akalegea au akashindwa kunywa, akimbizwe hospitali. Anayesikia maneno haya kliniki ni mama kijana. Anayeamua usiku kama mtoto apewe maji au apelekwe kwa mganga wa meno mara nyingi ni mama mkwe, au baba anayeombwa nauli kwa simu.

Wizara zetu zinahesabu chanjo zilizotolewa na pakiti zilizogawiwa. Zianze kuhesabu pia, kama BRAC walivyofanya, ni nyumba ngapi ambamo bibi anaweza kukoroga lita moja sawasawa na kueleza kwa nini mtoto ataendelea kuendesha huku akipona. Hakuna haja ya kumlazimisha kwanza aache kuamini meno. Akishaona wajukuu wanapona kwa kikombe, wembe utakosa kazi.